Pweza wa Pango la Tatu

Siku binti yake alipoingia na boksi kwapani, Bingwa alikuwa amekaa kitako sebuleni anakata kucha za miguu, wala hakuwa na habari kwamba kabla wiki haijaisha angekuwa hajui tena kama jina lake ni lake.

Jina lenyewe si la kuzaliwa. Alipewa na mjomba wake, kaka wa mama yake, alipokuwa hajaanza hata shule, na likamganda. Mumewe aliapa siku ya harusi kwamba yeye atamwita kwa jina la kwenye cheti. Wiki ya kwanza haikwisha, naye alikuwa anaita Bingwa, Bingwa, kama watu wengine. Na gari lake la kufundishia udereva lina maandishi ya njano ubavuni: BINGWA, JIFUNZE KWA ANAYEJUA. Kila mwanafunzi aliyethubutu kuuliza jina limetoka wapi alisimuliwa kisa kizima, atake asitake, maana mtu aliyeshika usukani kwa mikono miwili huku jasho likimtoka hana pa kukimbilia.

Kisa chenyewe ni hiki. Zamani, kabla gemu hazijahamia majumbani na mifukoni mwa watu, zilikuwa na kumbi zake. Unaingia, unakuta mashine zimepangwa ukutani kama makabati, kioo juu, kijiti na vitufe chini, na tundu la kutumbukizia sarafu. Bila sarafu huchezi. Mjomba alikuwa mwangalizi wa ukumbi mmoja wa namna hiyo. Asubuhi, kabla ya kufungulia wateja, alikuwa akimsimamisha Bingwa juu ya kreti la soda mbele ya mashine iliyoitwa Mzamiaji, na mtoto huyo, ambaye herufi hata moja alikuwa haijui, alikishika kile kijiti na kumpeleka mzamiaji mwekundu chini ya bahari: pango la kwanza akapita, la pili akapita, mpaka la tatu, ambako pweza alimkamata. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wakifia pango la kwanza. Mtoto alifika la tatu kila siku. Basi Mjomba akapiga makofi, akasema, huyu ni bingwa.

Njia aliikariri na hajaisahau mpaka leo. Chini, chini, subiri wapite wawili, kushoto, panda, chukua lulu, pumua. Watoto wake walibembelezwa kwa maneno hayo walipokuwa wachanga. Binti, aliyekuwa sasa amesimama mlangoni na boksi lake, alijua chini-chini-subiri kabla ya kujua moja mbili tatu.

"Mama," alisema, "funga macho."

"Nina mkasi mkononi, sifungi. Umeleta nini?"

Alikuwa ameleta Mzamiaji. Alieleza kwa haraka, kama afanyavyo mtu mwenye furaha: siku hizi kuna kampuni zinazozifufua gemu za zamani, zinazitengeneza upya zichezwe nyumbani kwenye TV, picha zile zile, muziki ule ule, hata makosa yale yale. Kamashine kenyewe kalikuwa kadogo kuliko kopo la chai. Wakachomeka waya, TV ikawaka bluu, na muziki ukaanza, ule wa ti-ti-tii, ti-ti-tii. Bingwa alisikia nywele zinamsimama mkononi. Harufu ya ukumbi ule ilimjia, vumbi la moto na soda iliyomwagika.

"Mume wangu!" aliita. "Njoo uone ulioa nani!"

Mumewe akaja na gazeti lake. Ana duka la miwani, na kwa kila tatizo la dunia ana jibu moja tu, macho. Akaketi. Binti akakaa juu ya mkono wa kochi. Bingwa akashika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaikoholea kidogo kama mhutubu, akabonyeza.

Chini, chini, subiri wapite wawili. Samaki wa kwanza alipita. Wa pili, kadudu fulani ka rangi ya chungwa kasiko na mbele wala nyuma, hakupita. Aligeuka. Akamgusa mzamiaji kisigino, na mzamiaji akaelea juu tumbo likiangalia jua.

"Hiyo ilikuwa kupasha," alisema Bingwa.

Akacheza tena. Akafa tena, pale pale, kwa samaki yule yule. Akasema pedi ni nyepesi mno. Akahama kiti. Akasema kiti kiko chini, yeye alizoea kusimama, basi akasimama, akafa wima. Akaomba taa izimwe, kisha akaomba iwashwe. Mpaka binti alipoanza kuangalia simu yake ili asimwangalie mama usoni, mzamiaji alikuwa hajaiona hata lulu ya kwanza.

"Ni macho," alisema mumewe, akarudi kwenye gazeti.

Usimcheke. Bingwa mwenyewe alicheka, akasema kutu tu hiyo, ngoja wiki moja. Lakini alipobaki peke yake na ile TV, uso ulimshuka. Alikuwa amechanganyikiwa kweli. Mikono iliyoweza ikiwa na umri wa miaka sita inashindwaje leo, na ndiyo mikono hiyo hiyo inayorudisha gari nyuma katikati ya malori mawili huku mwenyewe anakula karanga?

Tena, kuna kipande cha kisa hiki ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kusimuliwa, wala mumewe. Asubuhi zile za ukumbini hazikuwa za starehe. Mama yake Bingwa alikuwa amelazwa hospitali, na Mjomba na mtoto walikuwa wanasubiri saa ya kuona wagonjwa. Na mtoto, juu ya kreti lake, alikuwa ameweka sharti na ile mashine. Siku mzamiaji akimpita pweza, mama atarudi nyumbani. Kila siku pweza alimkamata. Kila siku Mjomba alimshusha kwenye kreti na kumwambia, "Bado kidogo tu. Kesho." Hadi asubuhi moja nyumba ilijaa watu waliosema kwa sauti za chini, na hakuna aliyempeleka ukumbini, na mama hakurudi. Mtoto alijua kwa nini. Siku ile ndiyo ingekuwa siku yenyewe, angempita pweza, na hawakumpeleka.

Sasa ni mtu mzima mwenye mvi na leseni za kila daraja. Anajua ule ni upuuzi wa kitoto, mama alikuwa na ugonjwa wa mapafu, hakuwa na ugonjwa wa pweza. Lakini kujua ni jambo moja, na donge lililokaa pale chini ya kifua tangu utotoni ni jambo lingine kabisa. Mashine ile hakuiona tena baada ya hapo, ilikuwa imeuzwa. Na leo pweza amemfuata mpaka sebuleni. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa nguvu iliyomtia aibu: ampite pweza. Mara moja. Halafu wachukue kimashine chao.

Basi akaanza kujifunza kwa siri, mchana, kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Aliacha kula chakula cha mchana. Vidole gumba vilivimba. Alipanda cheo kidogo, akafika kwenye lulu, akaipata, akapumua, akagongwa na kasa. Kilichomtatiza zaidi ni kwamba njia yake ilikuwa sahihi na haikuwa sahihi. Mapango yalikuwa yale yale, lulu ilikuwa mahali pake, muziki wenyewe, ila samaki hawakuja alikowatarajia. Ni kama kurudi nyumbani ukakuta ufunguo unaingia kitasani lakini haugeuki.

Ilikuwa Ijumaa simu ilipolia. Mzamiaji alikuwa ndiyo kwanza amekufa na gemu imerudi mwanzo. Bingwa akaweka pedi juu ya meza na kupokea. Alikuwa mwanafunzi wake wa asubuhi, mpishi wa shule, mwanaume wa makamo mwenye mikono mikubwa na moyo wa kifaranga. Alipiga, kama kawaida yake, kuuliza iwapo kesho mvua itanyesha, maana ikinyesha yeye haji.

"Mpishi, mimi si mtu wa hali ya hewa. Ukija utakuja, na..."

Kwenye TV, mzamiaji alikuwa ameondoka.

Pedi ilikuwa juu ya meza. Hapakuwa na mtu. Mzamiaji alishuka chini, akashuka tena chini, akasimama. Samaki wawili wakapita, wote wawili, kwa adabu, yule wa chungwa nyuma. Mzamiaji akaenda kushoto.

"Nani kashika pedi?" alipiga kelele.

"Mwalimu?" ilisema simu. "Mwalimu, kuna nini?"

Binti alitoka jikoni na mwiko, mumewe akatoka chumbani na taulo. Watatu wakasimama nyuma ya kochi wakitazama. Na binti, bila kufikiri, kwa sauti ile ya kubembelezea watoto, akaanza: "Panda. Chukua lulu. Pumua." Mzamiaji akapanda, akachukua lulu, akapumua. Pango la pili. Kulia, kulia, pita chini ya kasa. Pango la tatu. Pweza akanyoosha mkono taratibu, akamzingira kiunoni, na skrini ikawa nyeusi. Kisha ti-ti-tii, ikaanza upya.

"Hiyo ni yangu," alisema Bingwa. "Huo ni mchezo wangu. Nani anacheza mchezo wangu?"

Binti aliweka mwiko chini. Alianza kueleza polepole, kama daktari mgeni. Zile mashine za kumbi, alisema, zikikaa bila mtu zilikuwa zinacheza zenyewe kidogo, ili watu wanaopita wavutiwe, waingie, watoe sarafu. Zimerekodiwa hivyo tangu kiwandani. Kila mara njia ile ile.

"Kwa hiyo mashine iliniiga mimi."

"Mama..."

"Inawezekana," alisema mumewe, ambaye kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa hajataja macho. "Labda walimwona, wakarekodi."

"Baba, mashine hizi ziliuzwa dunia nzima."

"Basi mama yako kasifika dunia nzima, shida iko wapi?"

Bingwa aliishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Akaishika kama kwa dakika nzima. Halafu akaona yale maandishi. Yalikuwa yanawaka na kuzima juu ya kichwa cha mzamiaji, meupe, makubwa, wala hayakuwahi kuwaka yeye alipokuwa anacheza wiki hii. Aliyakumbuka. Alipokuwa juu ya kreti yalikuwa yakiwaka muda wote, na aliyapenda, na siku moja alimuuliza Mjomba yanasemaje.

Sasa alijua kusoma. Yalisema: WEKA SARAFU.

"Mjomba aliniambia," alisema, na sauti haikuwa yake, "aliniambia yanasema Bingwa."

Hakuna aliyecheka. Mumewe alimsogelea akamshika bega, na simu, iliyokuwa bado hai juu ya kochi, ikasema kwa mbali, "Mwalimu, basi nije au nisije?"

"Na anakufa pale kwa pweza kila mara?" aliuliza Bingwa.

"Kila mara," alisema binti. "Ndipo rekodi inapoishia."

Sasa hapo ndipo kichwa kilipomzunguka hasa. Maana kama ndivyo, hakuwahi kucheza hata siku moja, na maisha yake yote amejipiga kifua kwa kazi ya mashine. Lakini kama ndivyo, hakuna siku pweza angepitwa. Wangempeleka au wasingempeleka siku ile, yangekuwa yale yale. Lile donge alilolibeba halikuwa na haki ya kuwepo. Je, amshukuru Mjomba au amkamate kooni? Hakujua acheke au alie, hivyo akafanya la tatu, akaenda jikoni na kuviosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kesho yake mvua haikunyesha na Mpishi akaja. Bingwa alikuwa na hasira isiyo na anwani. Alikaa kiti chake cha kushoto kwa dereva, mguu wake ukiwa juu ya breki yake. Maana gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na mwalimu mwenye akili haonyeshi mguu wake uko wapi.

Walikuwa wanapita barabara ya nyuma ya ghala wakati mwendesha baiskeli mwenye magunia alipojitokeza kutoka uchochoroni. Mpishi aliganda. Alifungua mdomo, akainua mabega mpaka masikioni, na miguu yake haikufanya chochote. Bingwa alikanyaga. Gari likasimama, baiskeli ikapita na matusi yake.

Kisha Mpishi akageuka, macho yamejaa machozi. "Mwalimu! Umeona? Nimelisimamisha! Nilimwona, nikalisimamisha!"

Bingwa alikuwa ameamka na nia ya kutovumilia uongo wa aina yoyote siku hiyo, hata wa mizani ya sokoni. Akafungua mdomo amwambie. Mpishi, wewe uliganda kama samaki wa barafu, ni mguu wangu huo. Akamtazama na ile mikono yake mikubwa juu ya usukani, mtu aliyefeli mtihani wa barabarani mpaka wakaguzi wakamjua kwa jina, na ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anaomba kushuka.

"Bado kidogo tu," alisikia mdomo wake unasema. "Kesho tutaingia barabara kubwa."

Maneno yalipotoka aliyatambua yalikotoka, akakasirika upya, safari hii kwa sababu hakujua akasirikie nani. Alimshusha Mpishi shuleni kwake, akapita nyumbani, akakitia kimashine kwenye mfuko, akaendesha moja kwa moja kwa Mjomba.

Mjomba anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya mafriji. Ilikuwa karakana yake alipoacha mambo ya gemu. Sasa wanaifanyia kazi wengine, yeye amebaki na chumba, redio, TV, na haki ya kuwatukana mafundi. Amezeeka vizuri, mwembamba, mkali wa ulimi, miwani minene aliyopewa bure na mume wa Bingwa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Hukusema unakuja. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Sogeza hiyo redio."

Akachomeka waya bila kueleza. TV ikawa bluu, ti-ti-tii, na Mjomba akatulia. Bingwa hakuishika pedi. Aliiweka kitandani kati yao, akakunja mikono. Mzamiaji akaondoka mwenyewe. Chini, chini. Maandishi yakawaka.

"Yanasemaje hayo, Mjomba?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Yanasema yale yale," alijibu. "Nilikuwa nangoja uje uniulize. Nilidhani ungekuja ukiwa darasa la tatu."

"Niliwahi kucheza? Hata siku moja?"

"Mara moja."

Nje fundi mmoja alikuwa anagonga bati, Mjomba akamfokea kupitia dirishani aache, akaacha.

"Siku ya kwanza kabisa," alisema Mjomba. "Nilitia sarafu yangu, nikakupandisha kwenye kreti. Kabla hujagusa kitu ukaniambia, Mjomba, huyu akipona na mama anapona. Nikacheka. Sikujua cha kukujibu, nilikuwa kijana, nikacheka. Ukacheza. Mwanangu, ulikufa hata sijatoa mkono kwenye tundu la sarafu. Samaki mdogo hivi, wa rangi ya chungwa."

"Namjua."

"Hukulia. Bora ungelia. Uliniangalia tu, ukauliza, tayari? Hivyo tu. Tayari? Nikakwambia hapana, hiyo haikuwa gemu, hiyo ilikuwa majaribio, gemu yenyewe ndiyo inaanza sasa. Nikaiacha ijicheze, ukashika kijiti. Na ikaenda. Ikapita pango la kwanza, ukapata rangi usoni. Nikaona, basi, sitii sarafu tena kwenye mdude huu."

"Lakini ilikuwa inakufa kila siku! Kila siku, Mjomba, kwa pweza. Unajua mimi nimebeba nini? Nimebeba kwamba mlinizuia siku ile. Kwamba ningempita."

Mkono wa Mjomba ulikuwa unakunja na kukunjua pindo la shuka.

"Sikuweza kuifanya ipite," alisema. "Ningeweza ningefanya. Kwa hiyo nikakupa kile nilichokuwa nacho. Mtoto aliyefika karibu ana sababu ya kuamka kesho. Nilihesabu kwamba utachoka mapema, au mama yako atapona mapema. Nilikosea vyote viwili."

Bingwa alifikiria mguu wake chini ya dashibodi, na Mpishi na machozi yake. Hakutaka kumfikiria Mpishi, lakini alikuja mwenyewe na mikono yake mikubwa, na hasira ikaanza kumponyoka kabla hajamaliza kuitumia.

"Siku ile," alisema Mjomba, "mimi nilienda."

"Ulienda wapi?"

"Ukumbini. Nimetoka hospitali, wameshanipa nguo zake kwenye mfuko, natakiwa nije nyumbani nikwambie. Miguu ikanipeleka ukumbini. Nikafunga mlango kwa ndani, nikatia sarafu. Nilisema kama mtoto alikuwa anajua kitu, basi nijaribu." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mwangalizi wa mashine kumi na ngapi sijui, na sikuwahi kujifunza kucheza hata moja. Nilikufa kwa samaki wa chungwa. Nikatia nyingine. Nikatia zote zilizokuwa mfukoni. Kwa pweza sikufika."

TV iliimba. Mzamiaji alikuwa ameingia pango la pili.

"Zilipokwisha nikakaa chini. Na yenyewe ikaanza. Chini, chini. Nikaiangalia mpaka pango la tatu, nikaona mkono wa pweza unatoka." Mjomba alinyanyua mkono wake mwenyewe, mkavu, na kuuzuia hewani. "Nikang'oa plagi. Sikuichomeka tena. Tajiri mwenye ukumbi nikamwambia imeungua, akaiuza. Siku ile, Bingwa, pweza hakumkamata. Nilitaka kukwambia tangu siku hiyo, ila ningekwambiaje bila kukwambia mengine?"

Bingwa alilia basi. Alilia kwa sauti, kitandani kwa mzee, mwanamke mzima wa leseni za kila daraja, na hakujua analilia kipi kati ya vyote, mama, au sarafu za kijana yule aliyejifungia peke yake na mashine, au jina. Mjomba hakumbembeleza. Alimsukumia ncha ya shuka ajifutie.

Kwenye TV mzamiaji aliingia pango la tatu. Mjomba alikuwa amekwisha nyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

"Acha," alisema Bingwa. "Acha ifike."

Wakatazama wote wawili. Mkono ulitoka, taratibu kama siku zote, ukamzingira kiunoni, skrini ikawa nyeusi. Hakuna kilichotokea. Fundi alianza tena kugonga bati. Ti-ti-tii.

"Bado kidogo tu," alisema Bingwa, pua imeziba. Akamtazama Mjomba, akingoja amalizie.

"Kesho gani tena?" alisema Mjomba. "Mimi mzee. Lete hiyo pedi."

Akaishika juu chini, Bingwa akamgeuzia. Akabonyeza. Yale maandishi yakatoweka, na mzamiaji akasimama juu ya maji akimsubiri yeye. Mjomba akainamia TV hadi miwani ikakaribia kugusa kioo, akashuka chini, akashuka chini, akasubiri wapite wawili, na samaki wa chungwa akageuka akamgusa kisigino.

Bingwa akampigia makofi.